Mtego wa Kanu na Mlango wa Zahanati

Mazungumzo yafuatayo si mageni katika zahanati za vijijini mkoani Dodoma. Mzee amefika asubuhi na mapema, kiganja chake kimefungwa kitambaa. Usiku alisikia kuku wakipiga kelele, akaingia bandani na tochi, akamkamata mkia mnyama aliyemkuta humo, naye mnyama akageuka. Muuguzi anauliza, "Mzee, umeumwa na mbwa?" Mzee anajibu, "Si mbwa, mwanangu. Ni kanu tu." Jeraha lenyewe ni dogo, vitundu viwili vya meno chini ya kidole gumba. Linapakwa dawa, mzee anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, na katika daftari la wagonjwa panaandikwa maneno matatu: jeraha la mkono.

Hatari yote imo katika neno lile "tu". Kanu, kama alivyo fungo, nguchiro, kicheche, nyegere na bweha, ni mnyama mwenye damu moto alaye nyama, na mate yake yanaweza kubeba kirusi cha kichaa cha mbwa sawasawa na mate ya mbwa. Jina la ugonjwa limewapotosha watu wengi kuliko ilivyodhaniwa na waliolibuni.

Gulwe, kata ya wilaya ya Mpwapwa iliyo kando ya Reli ya Kati, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili. Mto Kinyasungwe hupita hapo ukiwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha mvua zikinyesha hufurika hata kubomoa tuta la reli. Kando yake yapo mashamba ya mtama na alizeti, vichaka vya miiba, mibuyu yenye mashimo, mazizi ya ng'ombe na nyumba zenye kuku. Mnyama mdogo alaye panya, wadudu na mayai hahitaji zaidi ya hayo. Sasa imeongezeka reli ya kisasa, ambayo nayo ina kituo chake Gulwe, na pamoja na reli huja barabara za pembeni, taka za vyakula na mbwa wasio na mwenyewe. Mahali pa namna hiyo, ambapo nyika na kijiji vimeshikana, humvutia mtafiti wa ikolojia. Na mtafiti anayetaka kuwajua wanyama wanaotembea usiku hufikiria, mapema au baadaye, kutega mitego.

Mitego ya utafiti haijengwi ili kuua. Inayotumika zaidi ni mtego wa kizimba, yaani tundu refu la waya au sanduku la mbao, lenye mlango unaoanguka mnyama anapokanyaga kibao kilicho ndani. Chambo huwa dagaa, yai au kichwa cha kuku. Mtafiti mzoefu hategi siku ya kwanza. Huifunga milango ibaki wazi kwa siku kadhaa, akiweka chambo bila kumnasa yeyote, mpaka wanyama wa eneo hilo wazoee kuingia na kutoka. Mtego huwekwa chini ya kivuli, kwenye njia za wanyama, na hufunikwa kwa nyasi au gunia ili aliyenaswa asiungue kwa jua wala asitetemeke kwa baridi ya alfajiri. Matundu ya waya yanatakiwa kuwa madogo, kwa sababu kanu aliyeingiwa na hofu hutafuna waya mpaka meno yavunjike na kusugua pua mpaka itoke damu. Kwa wanyama wa usiku, mitego hufunguliwa jua linapozama na kukaguliwa alfajiri kabla jua halijapata ukali, kisha hufungwa mchana kutwa. Kwa nguchiro, ambao wengi wao hutembea mchana, ukaguzi hauna budi kufanyika kila baada ya saa chache. Katika joto la Gulwe la mwezi Oktoba, tundu la waya lililosahaulika juani hadi adhuhuri huua.

Aliyenaswa hashikwi kwa mikono mitupu. Huhamishiwa kwenye mfuko wa kitambaa kizito, huchomwa dawa ya usingizi, ambayo mara nyingi ni ketamini iliyochanganywa na dawa nyingine ya kulegeza misuli, hupimwa uzito, joto na pumzi, huchukuliwa damu na kupe, huwekewa alama, na huachiwa palepale aliponaswa baada ya kuamka kabisa. Kazi hii inahitaji daktari wa mifugo au wanyamapori. Asiyejua kipimo cha dawa kwa mnyama wa kilo mbili hana ruhusa ya kujifunzia juu ya kanu wa watu wa Gulwe.

Hayo yote yameandikwa katika miongozo ya utafiti, na watafiti makini huyafuata. Sheria pia ipo: nchini Tanzania mtu hategi mnyamapori pasipo kibali, na utafiti wa aina hii hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tangu mwaka 2008 ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Mnyama aliyenaswa, basi, ana watetezi wake. Swali linalofaa kuulizwa katika jarida linalosomwa na wauguzi na wagonjwa linahusu mtu aliyetumwa alfajiri kwenda kuukagua mtego.

Mtu huyo kwa kawaida ni kijana wa kijiji. Anazijua njia za wanyama, analipwa kwa siku, na akimkuta nguchiro ndani ya tundu huanza kazi kabla gari la mtafiti halijafika. Hulinyanyua tundu. Huingiza kijiti kuona kama mnyama yu hai. Huosha mtego uliojaa mate na damu. Mtafiti aliyetoka ng'ambo huenda alichanjwa kabla hajapanda ndege. Kijana huyu naye anastahili kuchanjwa kabla ya mtego wa kwanza kufunguliwa, kwa gharama ya mradi, na zahanati ya mahali hapo iwe na jina lake na tarehe za sindano zake. Kibali kitolewacho bila sharti hilo kina upungufu, hata kikiwa na mihuri yote.

Sharti hilo si ghali kama linavyosikika. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa itolewe kwa ziara mbili tu, siku ya kwanza na siku ya saba baada yake. Faida yake huonekana siku meno yanapoingia. Mtu ambaye hakuchanjwa akiumwa na damu ikatoka, huhitaji mfululizo wa chanjo pamoja na imunoglobulini ya kuingizwa ndani na kandokando ya jeraha. Na imunoglobulini hiyo ni adimu na ya bei kubwa katika sehemu nyingi za Afrika. Aliyechanjwa tangu awali huhitaji dozi za kuongezea nguvu katika ziara mbili, siku ya kuumwa na siku ya tatu baada yake, bila imunoglobulini. Kwa mkazi wa Gulwe, ambaye mara nyingi chanjo huifuata hospitali ya wilaya au ya mkoa kwa nauli yake mwenyewe, tofauti hiyo ni kubwa.

Yupo atakayesema kuwa hofu hii imekuzwa, kwamba wanyama hawa wadogo ni nadra kumuua mtu. Ni kweli kwamba mbwa ndiye chanzo kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa wa kufugwa. Utafiti wa miaka mingi katika Serengeti na maeneo jirani, mahali penye wanyamapori wengi kuliko karibu popote duniani, umeonyesha kuwa hata huko ni mbwa wa vijijini wanaoufanya ugonjwa uendelee kuwapo. Wanyamapori huupata kutoka kwao, huambukizana kwa muda, kisha mnyororo hukatika. Kwa hiyo anayetaka kuiokoa Gulwe na ugonjwa huu aanze na mbwa: achanje asilimia 70 yao, na arudie chanjo hiyo kila mwaka, kwa sababu mbwa wa vijijini hufa na kuzaliwa kwa kasi.

Lakini hesabu za taifa hazifichui kila kitu cha mahali. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya visa vya wanyama vilivyodhaniwa kuwa kichaa vilihusu wanyamapori, hasa bweha. Aliyefundishwa kumwuliza mgonjwa habari za mbwa peke yake angepitwa na visa vingi huko. Na kipo kisa cha fungo wa Ikoma. Mwezi Mei 2009, katika eneo la Ikoma huko Serengeti, fungo mwenye dalili za kichaa alimuuma mtoto, na askari wa wanyamapori wakamuua. Jeraha lilioshwa mara moja, mtoto akapewa chanjo, na hakuugua. Ubongo wa fungo ulipochunguzwa maabara, kirusi kilichoonekana hakikuwa kile cha kawaida cha kichaa cha mbwa. Kilikuwa ndugu yake wa mbali, ambaye sayansi haikuwa imemjua kabla ya hapo, na leo anaitwa kirusi cha Ikoma. Mnyama mmoja mdogo na mtoto mmoja aliyeumwa viliongeza ukurasa katika vitabu vya tiba.

Kisa hicho kina funzo jingine, linalohusu mtego moja kwa moja. Kirusi cha Ikoma hakikugunduliwa kwa mtego. Kiligunduliwa kwa sababu mnyama aliyeuma alipatikana, ubongo wake ukahifadhiwa na ukafika mahali pa kupimiwa. Mnyama aliye hai hawezi kuthibitishwa kwa uhakika kuwa na kichaa au kutokuwa nacho, kwa kuwa kipimo cha kutegemewa kinahitaji sehemu ya ubongo. Damu ya kanu aliyenaswa inaweza kuonyesha kwamba wakati fulani alikutana na kirusi. Haisemi kama ana kirusi kwenye mate leo. Zaidi ya hayo, mnyama aliyekwisha kushikwa na ugonjwa hafuati chambo kwa utulivu wala haingii tunduni kwa utaratibu uliotarajiwa. Huonekana barabarani mchana, hana woga, hushambulia mbwa, huingia nyumbani. Kwa swali la kichaa, basi, mitego hamsini iliyopangwa vizuri vichakani inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko mzoga mmoja wa nguchiro aliyeuawa uani baada ya kumrukia mtoto.

Ndiyo maana inashangaza kidogo kuona miradi inayotaja afya ya jamii katika kurasa zake za kwanza ikitumia fedha nyingi kununua matundu ya waya, na kutotenga hata kiasi kidogo kwa ajili ya glavu nene, chombo kisichovuja na usafiri wa sampuli. Teknolojia si kikwazo tena. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kipimo cha haraka kinachotumia hadubini ya kawaida, kilichojaribiwa kwa sampuli za ubongo kutoka Tanzania zilizohifadhiwa katika mazingira ya porini, nacho kikalingana na kipimo rejea cha maabara kubwa. Wilaya ya Mpwapwa, kwa bahati njema, si mgeni katika sayansi ya wanyama: maabara ya mifugo ilianzishwa mjini Mpwapwa tangu mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, na utafiti wa mifugo unaendelea huko mpaka leo. Kutoka Gulwe hadi Mpwapwa si safari ya siku nzima. Kinachokosekana ni mazoea, kwamba mzoga wa mnyama aliyeuma haufukiwi wala kutupiwa mbwa mpaka afisa mifugo apewe taarifa.

Kama swali la mtafiti ni kujua tu ni wanyama gani wapo, mtego hauhitajiki kabisa. Kamera inayojipiga yenyewe mnyama anapopita mbele yake imekwisha kuthibitisha uwezo wake katika nchi hii. Katika Milima ya Udzungwa, upande wa kusini wa Mpwapwa, kulikuwa na aina ya kanu iliyojulikana kwa ngozi moja tu iliyokusanywa mwaka 1932. Hakuna mwanasayansi aliyemwona tena mpaka kamera ilipomnasa mwaka 2000, miaka 68 baadaye. Kanu wa Unguja naye, aliyetambulishwa rasmi mwaka 1998, alipata picha zake za kwanza akiwa hai mwituni kwa kamera hizohizo mwaka 2003. Hakuna aliyeumwa, hakuna jino lililovunjika, hakuna kijana aliyeosha tundu lenye mate.

Haifai, hata hivyo, kuulaani mtego. Kamera haimpimi mnyama uzito, haichukui kupe wake, haimvishi kola ya kuonyesha anakolala na umbali anaotembea usiku. Anayetaka kujua kama kanu anayelala katika mbuyu ulio nje ya kijiji ndiye huyohuyo anayeingia mabanda manne ya kuku usiku mmoja, hana budi kumkamata angalau mara moja. Hilo ni swali la ikolojia lenye maana kubwa kwa afya, kwa kuwa linaonyesha jinsi nyika na nyumba zinavyogusana. Mtego una haki ya kuwapo pale swali linapoudai. Kutega kwa sababu vifaa vimeshanunuliwa ni jambo jingine.

Jambo la mwisho linalotakiwa kusemwa kwa uangalifu ni hofu. Mtu akisikia kwamba kanu na nguchiro wanaweza kuwa na kichaa, hatua ya haraka ni kutafuta sumu. Nyama yenye sumu iliyotupwa kichakani haimchagui mgonjwa. Huua nyegere, mbwa aliyechanjwa, na tai aliyekuja kula mzoga. Nayo huondoa wawindaji wa panya katika eneo la wakulima wa nafaka, ambao wanajua gharama ya panya ghalani. Muuguzi anayetoa elimu ya afya Gulwe anapaswa kutamka mambo mawili kwa pumzi moja: usimshike, na usimuue asiye na dalili. Banda la kuku lenye mlango imara na ukuta usio na nyufa hulinda kuku na mikono ya mwenye kuku kwa pamoja.

Wapo pia wanaomkamata mnyama kwa mtego wao wa nyumbani baada ya kuumwa, wakamfungia ili aangaliwe. Hapa pana kosa la kitabibu linaloweza kuua. Utaratibu wa kumchunguza mnyama kwa siku kumi umewekwa kwa ajili ya mbwa na paka wa nyumbani, ambao muda wao wa kutoa kirusi kwenye mate kabla ya kuugua unajulikana. Kwa kanu, fungo au nguchiro utaratibu huo hauna msingi. Afisa tabibu asimwambie mgonjwa asubiri siku kumi kwa sababu mnyama yu ndani ya tundu na anakula vizuri. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hapohapo nyumbani kama yapo, lisikandwe kwa majivu wala pilipili wala mafuta ya gari, na chanjo ianze siku ileile. Dalili za kichaa kwa binadamu huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine hata mwaka; zikishajitokeza, tiba haina la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliotumia taarifa za watu walioumwa na mbwa nchini Tanzania, ulikadiria vifo karibu 1,500 kila mwaka kutokana na ugonjwa huu, idadi iliyozidi takwimu rasmi za wakati huo kwa takriban mara mia. Vifo hivyo vilitokea majumbani, mbali na madaftari. Mtafiti wa wanyama anayekuja Gulwe na mitego yake ana nafasi ya kuusaidia upande huu, iwapo siku yake ya kwanza ataanzia kwa mganga mfawidhi wa zahanati na mtendaji wa kijiji: awaeleze mitego itakaa wapi na mpaka lini, awaachie namba ya simu ya kupokea taarifa za mnyama mwenye dalili, na awaachie picha za wanyama wa eneo hilo zenye majina yao kwa Kiswahili na kwa Kigogo, zibandikwe ukutani penye meza ya mapokezi.

Picha hizo zingebadilisha mazungumzo ya asubuhi ile. Muuguzi angemwonyesha mzee ukuta, mzee angenyoosha kidole chake kizima kwenye mnyama mwenye madoa na mkia wa pete, na katika daftari pangeandikwa: ameumwa na kanu, saa tisa usiku, kiganja cha kulia, damu imetoka, jeraha limeoshwa dakika 15, amepewa rufaa kwa chanjo leo.